Walisema Injini Imekufa

Nautoa ushuhuda huu kwa kila mtu ambaye riziki yake inategemea gari la zamani na barabara ngumu. Nautoa kwa shukrani pia, kwa Mwenyezi Mungu na kwa watu aliowaleta mbele yangu nilipokuwa nimekwama. Niliambiwa injini ya pikapu yangu imekufa, nitafute nyingine. Wakati huo nilikuwa na deni, watoto wako shule, na mazao ya watu yananisubiri shambani. Injini hiyohiyo ndiyo inayonipandisha na kunishusha milima ya Usambara hadi leo. Tatizo ni kwamba ilikuwa haijapimwa. Wenzangu mnaotafuta mkate kwa magari, ugonjwa ujulikane kwanza, dawa inunuliwe baadaye.

Mimi ni mfanyabiashara wa mboga. Nakusanya kabichi, karoti na hoho kwa wakulima wa Lukozi na vijiji vya jirani, nazishusha Mombo, kwenye barabara kuu, ambako malori ya Dar es Salaam hupakia. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33 za lami nyembamba, kona juu ya kona, mlima upande huu na bonde upande ule. Unapita Soni, unazidi kushuka mpaka masikio yanaziba. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini tambarare, palipo na joto. Kushuka unabanwa na mzigo, kurudi unapanda kwa gia nzito. Gari linalofanya kazi hiyo kila siku halina siku ya kupumzika.

Pikapu yangu ni ya miaka ya 80, ya petroli, injini ya 22R ya silinda nne na lita 2.4, yenye kabureta. Ni injini ambayo mafundi wengi wanaiheshimu kwa uvumilivu wake. Niliinunua kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wanakikundi wawili wakinidhamini. Anayeijua VICOBA anajua maana yake. Siku ya kikao sanduku la kufuli tatu linafunguliwa mbele ya watu wote, jina lako linaitwa, nawe unasimama na rejesho mkononi. Usipokuwa nalo, aibu si yako peke yako. Waliokudhamini nao wanainamisha vichwa.

Dalili ya kwanza ilikuja msimu wa baridi. Huku kwetu mwezi wa saba alfajiri unaona ukungu hadi mlangoni. Nilipowasha gari, mbele ya injini, nyuma ya feni, palianza kugonga, chuma kwa chuma, kwa sekunde chache, kisha kimya. Fundi wa jirani akasema ni tapeti, akazipima na kuzirekebisha. Kelele ikabaki palepale. Kadiri wiki zilivyokwenda, ikawa inachelewa kunyamaza, na baadaye ikawa inarudi hata nikiachia mafuta kwenye mteremko. Halafu maji ya rejeta yakaanza kupungua. Nilitazama chini ya gari kila asubuhi, hapakuwa na tone. Hozi zilikuwa nzima, mfuniko wa rejeta ulikuwa mpya.

Jibu la maji yanakokwenda nililipata Soni, pembeni ya barabara. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakikuta kina utelezi wa rangi ya chai ya maziwa. Nilikifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Ni ileile. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili.

Gereji nilikoipeleka pikapu haikusita: gasketi ya silinda hedi imeungua. Siwalaumu kwa kuanza na wazo hilo. Maji yakichanganyika na oili, mara nyingi mlango wao ni huo. Basi hedi ikafunguliwa, ikapelekwa mashineni kusawazishwa, gasketi mpya ikawekwa, oili mpya, filta mpya. Akiba yangu yote iliishia hapo, pamoja na fedha ya mzigo niliyokuwa nimekopeshwa na mnunuzi wa Mombo. Nilirudi barabarani na furaha. Furaha haikufika mbali. Oili ikabadilika rangi tena, na kugonga kulikuwa kulekule. Safari hii nikaambiwa bloku imepasuka, injini haifai tena, nitafute ya mtumba kutoka Dar. Bei waliyoitaja ilinifanya nikae kwenye benchi la gereji bila kusema neno.

Kipindi kilichofuata kilikuwa kigumu. Gari lilisimama uani likiwa limefunikwa turubai. Nililazimika kukodi nafasi kwenye magari ya wengine, na anayekodi nafasi hupakia wa mwisho na kushusha wa mwisho. Kabichi haisubiri mtu. Ikikaa, majani ya nje yananyauka, unayabandua ili ndani pabaki peupe, na kila jani unalobandua ni uzito na bei vinapungua mikononi mwako. Nimewahi kufikisha Mombo kabichi zilizokuwa kubwa shambani, mnunuzi akaziita za kuchezea watoto. Wakulima waliokuwa wananikopesha mazao wakaanza kumpa mtu mwingine. Niliwaelewa, nao wana watoto. Lakini usiku nilikuwa nahesabu madeni badala ya kulala.

Siku ya kikao nilisimama mikono mitupu. Nilieleza kila kitu: gari limesimama wapi, nimelipa nini, nadaiwa nini, sijui nitatokaje. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami niliona heri aibu ya leo kuliko kilio cha kesho. Mdhamini wangu mmoja, mama mtu mzima anayeuza vitumbua, akasimama akasema, "Huyu hajatoroka. Tumpe muda." Kikao kikanisogezea marejesho mbele, na mfuko wa jamii ukanipa kidogo cha kujikimu. Wanakikundi wale sitawasahau. Bila wao, pikapu ingeuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na ningekuwa nimebaki na deni la gari nisilokuwa nalo.

Msaada mwingine ulitoka kwa dereva wa lori pale Mombo, kijana aliyezoea kuninunulia chai. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mama, kelele ile ilianza kabla ya maji au baada ya maji?" Nikamwambia kabla, tena kwa miezi. Akatikisa kichwa, akanielekeza kwa mzee mmoja wa Korogwe aliyezeeka akifungua injini za namna hiyo. Tukaipakia pikapu juu ya fuso lililokuwa linashuka bila mzigo, tukaifunga kwa kamba, tukaondoka.

Yule mzee alinipokea kwa utulivu. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kigoda, kisha akasikiliza habari yote tangu mwanzo bila kunikatiza. Nilipomuuliza injini ya mtumba ni kiasi gani kwake, akasema, "Binti yangu, hapa hatununui hata bolti mpaka injini yenyewe imesema." Na hakukubali iwashwe. Alisema oili yenye maji haiwezi kulinda beringi, kila dakika inayozunguka inazila.

Alianza kwa kupima kompresheni. Alitoa plagi zote, akafunga geji kwenye silinda ya kwanza, akazungusha kwa stata, akaandika kwa chaki kwenye bati. Akafanya hivyo kwa zote. Namba zilikaribiana sana. Akanieleza kwamba gasketi ikifunguka kwenye silinda, mara nyingi utaikuta hiyo au mbili zilizo jirani zimeshuka. Namba hizi hazikumwondolea gasketi shaka yote, lakini zilimwambia atazame pengine.

Kisha akafungua kifuniko cha distribyuta, akaniambia niishike tochi na nisiondoe jicho kwenye rota. Akaweka spana kwenye bolti ya puli ya krenki, akazungusha taratibu upande wa kulia, rota ikafuata. Akageuza kurudi kushoto. Puli ikatembea, rota ikabaki imesimama. Puli ikazidi kutembea, ndipo rota ikashtuka na kufuata. "Umeona?" akaniuliza. "Rota inazungushwa na kamshafti. Kamshafti inazungushwa na cheni kutoka kwenye krenki. Huo muda rota iliposimama ndio ulegevu wa cheni yako." Sikuwahi kusomea ufundi, lakini pale nilielewa. Kitu nilichokuwa nakisikia asubuhi kwa masikio, sasa nilikiona kwa macho.

Akafungua tapeti kava, akamulika kwenye shimo la mbele ambamo cheni ya taimingi hushuka kwenda chini. Kwenye injini ile cheni hupita kati ya reli mbili zenye uso wa plastiki zinazoizuia isiyumbe, na kuna tenshena inayosukumwa na presha ya oili ili kuibana. Upande wa tenshena reli ilikuwepo. Upande wa pili hapakuwa na kitu, cheni ilikuwa inaning'inia peke yake. Tulipomwaga oili na kushusha sampu, reli iliyopotea tukaikuta humo. Ilikuwa vipande vya plastiki vya rangi ya kahawia, vikavu, vinavyovunjika kwa vidole, vimejikusanya kwenye chujio la pampu ya oili. Pamoja navyo palikuwa na unga unaong'aa. Mzee akapitisha sumaku juu yake, unga haukunyanyuka. "Si chuma," akasema. "Ni alumini. Na alumini iliyo karibu na cheni ni kava yake."

Uthibitisho wa mwisho ulikuwa wa maji. Sampu ikiwa bado chini, alijaza rejeta, akaunganisha pampu ya mkono kwenye mdomo wake, akasukuma presha. Tukalala chini ya gari, mimi na kijana wake, na tochi. Nyuma, chini ya silinda, palikuwa pakavu. Mbele, ndani ya kava ya taimingi, tone likachuruzika, likafuatiwa na jingine. Nilitoka chini ya gari nikiwa nalia, na sikuona haya. Bloku yangu haikuwa imepasuka.

Kuitoa ile kava ni kazi ya subira. Rejeta inatoka, feni inatoka, puli, pampu ya maji, kisha bolti zinazozunguka kava. Zote zilipokwisha, kijana wa gereji alitaka kuichokonoa kwa bisibisi. Mzee akamzuia. Alichovya kitambaa kwenye kijidimbwi cha oili kilicho mbele ya hedi, chini ya gia ya kamshafti, akakikausha, na chini ya ile oili ikaonekana bolti moja iliyosimama wima, inayoshika hedi na kava. Asiyeijua huipasua kava akidhani imegandishwa na gasketi. Kava ilipotoka akanipa niishike. Ndani yake cheni ilikuwa imechimba mtaro mwembamba uliong'aa, na katikati ya mtaro palikuwa na tundu ambalo ncha ya kalamu ingepita. Upande wa pili wa tundu ndiko maji ya pampu yanakopita.

Mzee alinieleza mtiririko wote, nami nauweka hapa kwa sababu ndio uliokuwa umefichika. Plastiki ya reli huzeeka kwa joto la oili la miaka mingi, ikawa kavu. Asubuhi injini inapowashwa, presha ya oili bado haijafika kwenye tenshena, kwa hiyo kwa sekunde chache cheni inapiga huku na huku. Cheni iliyorefuka kwa uchakavu hupiga zaidi. Siku moja reli inakatika. Tangu hapo cheni inasugua kava, kidogo kidogo, mpaka inatoboa njia ya maji. Kwa hiyo kelele ilikuwa ndiyo ugonjwa, maji kwenye oili yalikuwa matokeo yake. Gasketi mpya kumi zisingeziba tundu lile.

Ndipo tukanunua. Seti ya cheni yenye reli za mgongo wa chuma, tenshena mpya, gia zote mbili kwa sababu meno ya zamani yamekwisha kulika kwa kufuata cheni ya zamani, sili ya krenki, gasketi, na kava nyingine iliyokaguliwa kwa rula na tochi. Alifungua pia beringi za krenki na konrodi. Baadhi zilikuwa zimeanza kuchubuka kwa sababu ya oili yenye maji, zikabadilishwa zote. Mnunuzi wangu wa Mombo alinikopesha kwa makubaliano ya kumpelekea karoti msimu ukianza. Fedha ya ufundi mzee alikubali nilipe kidogo kidogo. Jumla yote haikukaribia bei ya ile injini ya mtumba, na injini ya mtumba ingekuja na cheni ambayo hakuna anayejua umri wake.

Siku ya kufunga, aliweka pistoni ya kwanza juu kabisa, pini ya kamshafti ikatazama juu, na pingili za cheni zenye rangi tofauti zikakaa kwenye alama za gia. Kabla ya kugusa stata aliizungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, akisikiliza kama kuna mahali panagoma, kisha akahakiki alama za gia zimerudi mahali pake. Pingili za rangi hazirudi pale mara moja, akasema hilo lisinitie hofu, za kutazamwa ni alama za gia. Akachomoa waya wa koili, akapiga stata mpaka taa ya oili ikazimika, maana yake oili imefika juu na tenshena imejaa. Akarudisha waya. Injini ikawaka, na mbele palikuwa kimya. Tuliiacha ipate moto, tukamwaga oili hiyo ya kusafishia, tukaweka nyingine, tukarudia mpaka kijiti kikatoka na oili safi.

Nimerudi kazini. Deni la VICOBA nimelimaliza, na sasa mimi ndiye ninayesimama kuwadhamini wengine. Wakulima wa Lukozi wamenirudia mmoja mmoja. Namshukuru Mungu kwa kila mmoja wao, na kwa mikono ya yule mzee.

Wenzangu wenye pikapu, pokeeni haya kutoka kwa mtu aliyeyalipia. Kelele ya mbele ya injini asubuhi, hata ikidumu sekunde chache tu, ishughulikiwe ingali kelele. Ujazo wa oili utazameni kila siku, na oili ibadilishwe kwa wakati, kwa maana tenshena ya namna hii inaishi kwa presha ya oili, na oili ikipungua au ikichakaa cheni inaachiwa. Jueni gari lenu lina cheni au mkanda, kwa sababu mkanda una kilomita zake za kubadilishwa na mara nyingi haupigi kelele ya kuonya. Kwa magari mapya yenye kompyuta, mashine ikisoma P0016 inasema krenki na kamshafti hazikubaliani. Inaweza kuwa cheni imerefuka, inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa oili chafu. Namba hiyo ni mwanzo wa kupima, spea isinunuliwe kwa ajili yake peke yake.

Na fundi akikwambia kitu kimekufa, muulize kwa heshima, "Umejuaje?" Fundi mwenye uhakika hatachukia. Atakuonyesha namba, atakuonyesha vipande, atakupa tochi utazame mwenyewe. Akikosa cha kuonyesha, funga pochi yako, mshukuru, utafute mwingine atakayepima. Usikubali kuuza gari lako, wala kuvunja moyo wako, kwa neno ambalo halijathibitishwa.